Marobota ya Kusini Yaliyohesabiwa Kaskazini

Ofisini tulimwita Bi Nyota, na mtu asidhani ni kwa sababu aling'aa. Jina lilitokana na ile alama ndogo ya nyota ambayo mtakwimu huiweka ubavuni mwa tarakimu, ili msomaji ashuke chini ya ukurasa akasome maelezo. Bi Nyota hakuweza kuiacha tarakimu ipite hivi hivi. Ukimuuliza saa ngapi, atakwambia saa nne na robo, halafu atakuongezea kwamba saa ya ukutani iko mbele dakika tatu tangu fundi wa umeme aiguse. Ukimuuliza ana watoto wangapi, atakwambia wawili, ila mmoja ni wa marehemu dada yake, amemlea tangu hajaota meno. Nilikaa naye meza kwa meza miaka kumi na sita, na zilikuwepo siku nilizotamani kuhamia hata stoo.

Kitengo chetu cha takwimu za biashara kilikuwa ghorofa ya tatu, chumba kirefu chenye madirisha yasiyofunguka na kabati za chuma zisizofungika. Kila mtu alikuwa na bidhaa zake. Mimi nilikuwa na mbolea na saruji, na kwa vile niliielewa kompyuta kidogo kuliko wenzangu, grafu za kitengo kizima zilikuwa juu yangu. Bi Nyota alikuwa na karatasi na kila kinachotengeneza karatasi. Kipenzi chake kilikuwa rojo ya mbao. Kwa asiyeijua, ni mbao iliyosagwa na kupikwa mpaka ikawa nyuzinyuzi, ikakaushwa, ikafungwa marobota. Kiwanda huagiza marobota hayo kutoka nje, huyaloweka tena na kuyageuza karatasi. Jedwali lake lilikuwa na safu mbili tu: thamani ya rojo iliyoingia Kaskazini na thamani ya rojo iliyoingia Kusini, mwaka baada ya mwaka, miaka ishirini na miwili. Alilirithi kwa mzee aliyestaafu, likiwa bado la kuandikwa kwa mkono, na hakumruhusu mtu mwingine aliguse.

Haikuwa kazi tu. Mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa kwao, alikuwa mpokezi wa mzigo katika kiwanda cha karatasi cha Kusini. Lori likifika ni yeye anayehesabu marobota, anayapima unyevu na kusaini kitabu. Kwa hiyo dada mtu alihesabu makaratasi ya rojo na mdogo mtu akahesabu rojo yenyewe, na kila Ijumaa mchana walipigiana simu. Spika ya sikioni ya simu ya Bi Nyota ilikuwa imekufa, basi akawa anaongea kwa sauti ya nje, na chumba kizima tukawa ndugu wa yule kijana kwa lazima.

"Dada, leo nimeshusha malori sita."

"Sita ya tani ngapi?"

"Dada bwana! Si ungeanza na hujambo kwanza?"

"Hujambo. Ya tani ngapi?"

Tulicheka sana na simu hizo. Siku hizi nikizikumbuka sipati kicheko.

Sasa nieleze penye tatizo, maana bila hapo mengine yote hayaeleweki. Zamani Kusini walikuwa na gati yao. Mchanga ukaijaza, meli kubwa zikashindwa kuingia, na kuanzia mwaka wa nane wa jedwali rojo ya Kusini ikawa inashushwa bandari ya Kaskazini. Inagongewa mhuri wa forodha hukohuko, kisha inapakiwa kwenye malori na kusafiri siku mbili hadi kiwandani. Na utaratibu wa forodha hauna utani: bidhaa huhesabiwa mahali inapogongewa mhuri. Basi mwaka ule Kusini ikaporomoka kutoka milioni arobaini hadi milioni mbili, na Kaskazini ikapaa. Kule kiwandani halikupungua hata robota moja. Bi Nyota akaweka nyota kwenye mwaka huo, na chini ya ukurasa akaandika sentensi ambayo aliinakili kila mwaka bila kuchoka: "Tangu mwaka huu, sehemu kubwa ya rojo inayotumika Kusini hupitia bandari ya Kaskazini na huhesabiwa huko."

Jedwali lilipofikisha miaka ishirini na miwili, serikali ilikuwa na viwanda viwili vya karatasi, kimoja kila upande, vyote vikiwa na mitambo ya enzi za babu zetu. Zikapatikana fedha za mitambo mipya, lakini za kiwanda kimoja. Ikaundwa kamati ya kuchagua. Kitakachochaguliwa kitafufuliwa, kingine kitafungwa, na wafanyakazi wake mia tatu na kitu waende zao. Kamati ikaandikia kitengo chetu ikitaka ilinganishiwe uagizaji wa rojo wa pande zote mbili kwa miaka yote, ili ione ni upande gani unaofanya kazi kweli.

Bi Nyota aliipokea habari hiyo kwa furaha, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Aliamini kwamba hatimaye kuna watu watakaolisoma jedwali lake hadi chini. Akampigia mdogo wake siku ya Jumanne, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Wamelitaka jedwali," akamwambia. "Mkae mkao wa kupokea mitambo."

"Dada, usinitie presha. Una hakika?"

"Kila kitu kimeandikwa."

Kesho yake kijana wake mkubwa akashikwa na tumbo, akakimbizwa hospitali kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na yeye akaomba ruhusa ya wiki moja. Wiki hiyohiyo Mkurugenzi akaniita.

Mkurugenzi wetu alikuwa mtu wa ukurasa mmoja. Ukimpelekea kurasa mbili anazipima mkononi kama nyama na kukurudishia. Akaniambia, "Wale wakubwa hawana muda. Nipe mistari miwili, rangi mbili, maandishi makubwa. Na sitaki vile vidudu vyenu vya chini ya ukurasa."

Nilichora. Mstari wa Kaskazini nikaupa bluu, wa Kusini nikaupa nyekundu. Ule wa bluu ulipanda ukaendelea kupanda. Ule mwekundu ulianza juu, mwaka wa nane ukadondoka, na kuanzia hapo ukalala chini kabisa hadi pembeni mwa karatasi. Sitajitetea. Nyota niliiona. Niliisoma sentensi yake yote, nikaujaribu ukubwa wa maandishi mara mbili, haikuenea, nikaifuta. Nilijiambia kwamba kwenye kamati hawakosi watu wanaojua mambo ya bandari. Nikatoa nakala kumi na mbili za rangi, na moja nikaibandika kwenye ubao wa kitengo kwa sababu ilipendeza.

Jumatatu Bi Nyota akarudi, mkoba begani, macho mekundu kwa kukesha wodini. Akasimama mbele ya ubao. Niliona anasogea karibu, halafu anashuka na macho hadi chini ya karatasi, anatafuta.

"Nyota yangu iko wapi?"

"Haikuenea, mama. Mkurugenzi alitaka ukurasa mmoja."

"Imeshakwenda?"

"Alhamisi."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alivuta kiti cha mtu mwingine akakaa pale pale mbele ya ubao. "Unajua ulichoandika hapa?" akasema. "Umeandika kwamba mdogo wangu hana kazi tangu miaka kumi na minne iliyopita." Nikataka ardhi ipasuke.

Akaanza na Mkurugenzi. Mimi nikamfuata nyuma na mafaili, maana sikuwa na sura ya kubaki nimekaa. Mkurugenzi alimsikiliza huku akisaini barua nyingine.

"Mama, nijibu kitu kimoja. Tarakimu ni sahihi au si sahihi?"

"Ni sahihi, lakini..."

"Basi tumemaliza. Tarakimu ikiwa sahihi haina lakini."

Bi Nyota akaandika dokezo la ndani. Dokezo likapanda ngazi kama linavyotakiwa: kwa mkuu wa kitengo, kwa naibu, kwa mkurugenzi, kwa mtu mwingine juu ambaye hatukuwahi kumwona uso. Lilirudi baada ya siku tisa likiwa na sahihi nne, na kando ya kila sahihi neno moja: "Nimeona." Mtu ambaye hajafanya kazi maofisini atadhani hiyo ni habari njema. Sisi tunajua kwamba "Nimeona" ni namna ya kufumba macho.

Tukaenda wenyewe kwa katibu wa kamati. Alikuwa binti mstaarabu, alitukaribisha viti, akatuletea maji ya kunywa, akamwita "mama yangu". Akatoa fomu ya masahihisho. Fomu ilikuwa na visanduku viwili: tarakimu yenye kosa, na tarakimu iliyo sahihi. Bi Nyota aliishika kalamu muda mrefu. Tarakimu yenye kosa haikuwepo. Na ile ya pili, ya rojo inayokwenda Kusini kweli, hakuna ofisi iliyowahi kuiandika. Nyota yake ilisema "sehemu kubwa". Ni kubwa kiasi gani, yeye mwenyewe hakuweza kuapa.

"Hakuna mahali pa maelezo?" akauliza.

"Hapana, mama yangu. Lakini masahihisho yakitoka forodha, tutayapokea hata kesho."

Tukaenda forodha. Ofisa wa kule alitufungulia makabrasha ya miaka mitano, akatuachia meza na feni, na kuanzia asubuhi hadi saa tisa tulipekua. Kila robota lilikuwa na karatasi yake na kila karatasi ilikuwa na mhuri wa Kaskazini. Saa tisa ofisa akaja amevaa koti tayari kuondoka.

"Haya mama, nionyesheni kosa nilisahihishe."

Kosa halikuwepo. Yule bwana alikuwa amefanya kazi yake vizuri kuliko sisi sote, na nilimchukia kwa hilo bila haki yoyote.

Kwenye ngazi za forodha Bi Nyota alinipa nusu ya chai ya chupa yake. Hakuwahi kunilaumu tena baada ya ile Jumatatu. Nilishamwambia samahani mara nne, na kila mara alinijibu, "Tuendelee," kana kwamba nimemkanyaga mguu kwenye foleni. Ningelala vizuri zaidi kama angenitukana.

Ijumaa ile mdogo wake akapiga, na kwa mara ya kwanza dada mtu alitoka na simu koridoni. Alimwomba kitabu cha mapokezi. Yule kijana akapiga picha kurasa sitini na moja, zenye tarehe, namba za malori, marobota, tani na sahihi yake ileile yenye mkia mrefu. Bi Nyota akazichapisha kwa wino wake, akazifunga kwa uzi, akampelekea Mkurugenzi.

Mkurugenzi alizipima mkononi. "Hizi zimetoka kwa nani?"

"Kwa mpokezi wa mzigo wa kiwanda."

"Ni nani kwako?"

Mtu mwingine angesema ni mfanyakazi wa kule. Mimi ningesema. Lakini huyu ni Bi Nyota.

"Ni mdogo wangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Mkurugenzi akavua miwani, na safari hii aliongea kwa upole, ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Mama, hebu jiweke kwenye kiti changu. Ofisa wangu ananiletea picha za simu kutoka kwa ndugu yake, kuthibitisha kwamba ndugu yake asifukuzwe kazi. Nikizipeleka kule, watasema nini juu ya tarakimu zetu zote?"

Bi Nyota akazichukua kurasa zake, akaukaza uzi.

Kamati iliamua mwezi uliofuata. Tangazo lilikuwa la aya tatu, na aya ya pili ilisema takwimu za muda mrefu zimeonyesha kwamba shughuli za Kusini zilikoma kwa kiasi kikubwa. Simu ikaita saa tano asubuhi, na alikuwa amesahau kutoka nayo koridoni.

"Dada, wanasema huku hatuleti rojo."

"Nimesoma."

"Leo nimepokea marobota mia nne. Mikono yangu bado ina vumbi lake. Nani kawaambia hatuleti rojo?"

Chumba kizima kiliinama. Mimi nilikuwa nafungua droo na kuifunga.

"Ni sisi," akasema Bi Nyota.

Yule kijana akasema taratibu, "Sawa, dada. Kula kwanza, tutaongea jioni." Hata wakati ule alikuwa anamhurumia yeye.

Kiwanda cha Kusini kikafungwa, na yule kijana akahamia kwa dada yake akiwa na mabegi mawili, mkewe na watoto wakabaki kwa wakwe hadi apate pa kuanzia. Bi Nyota alituambia kwamba kila siku saa kumi na moja alfajiri mdogo wake anaamka, anavaa, anafunga kamba za viatu, kisha anakaa sebuleni kwenye kochi. Miaka kumi na minane ya zamu haimtoki mtu kwa siku moja. Akapeleka maombi ya kazi kila mahali, wakamuuliza ana ujuzi gani, akasema kupokea rojo ya mbao. Wakamwuliza rojo ni nini.

Mwaka ukapinduka, tarakimu mpya zikafika kutoka forodha, na bluu ya Kaskazini ikawa imeanguka zaidi ya nusu. Ingekosaje kuanguka? Mkurugenzi akatoka ofisini kwake na karatasi mkononi, akaja hadi mezani kwetu, kitu ambacho hakikuwahi kutokea.

"Mama, hii ni hatari. Kaskazini ndiyo tuliyoisifia. Weka maelezo hapo chini, watu waelewe."

Bi Nyota akaandika palepale, bila hasira yoyote niliyoiona: "Kushuka huku ni rojo ya kiwanda cha Kusini, kilichofungwa." Mkurugenzi akaisoma, akaikata kwa mstari mmoja, akanigeukia mimi. "Wewe andika: kutokana na hali ya soko la dunia." Nina watoto watatu na nyumba ya kupanga. Niliandika, na safari hiyo maneno yalienea.

Wiki ile ndipo yule mdogo wake alipokuja ofisini. Alipanda ngazi na mfuko wa plastiki mweusi, ndani yake mna kitabu cha mapokezi chenyewe, kinene, jalada limevimba kwa unyevu. Vitabu vyote vilikuwa vimetupwa uani kiwandani, akaokoa hicho kimoja, cha majumuisho ya kila mwaka. Alikuwa mrefu kuliko nilivyomfikiria kwa sauti. Dada yake akatutambulisha, akanitaja kuwa ndiye mchora grafu. Nikajua limenifika. Yeye akanipa mkono, akauliza kama anaweza kuiona.

Nilimtolea. Akaiweka mezani, akaweka kidole mwanzo wa mstari mwekundu.

"Huu ndio sisi?"

"Ndiyo."

Akausogeza kidole taratibu. Ulipodondoka akadondoka nao, akaendelea kwenda nao chini kabisa ya karatasi. "Hapa nilikuwa na miaka kama minne kazini," akasema. "Hapa nilikuwa nimeoa. Hapa akazaliwa binti yangu. Hapa tuliingia zamu tatu, kazi ilikuwa nyingi, tulikuwa tunalala juu ya marobota. Hapa mwenzangu mmoja alivunjika mguu kwa lori kuzidisha mzigo." Kidole kilikuwa bado kimelala sakafuni mwa grafu. Akafika mwisho, akainua macho akautazama ule wa bluu.

"Kumbe tulikuwa huku juu," akasema.

Kisha akaniuliza kama naweza kuichora upya kwa kitabu chake. Nikamwambia hilo halina shida. Dada yake akakifungua, akawa ananisomea tani za kila mwaka kwa sauti yake ya kazini, nami nikazidisha kwa bei za forodha, nikaziingiza kwenye nyekundu na kuzitoa kwenye bluu. Mkurugenzi alipita mlangoni, akatuona, akapita. Haikuchukua hata nusu saa. Mashine ikatoa karatasi, na safari hii nyekundu haikudondoka popote. Ilitambaa juu kidogo kila mwaka, ikaipita bluu mwaka wa kumi na moja, na haikushuka tena hadi siku walipofunga geti.

Aliitazama akiwa amesimama. Akaikunja mara mbili kwa uangalifu, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Asante," akaniambia, na nilitamani arudishe neno hilo. Akamgeukia dada yake. "Sasa niipeleke ofisi gani?"

Bi Nyota akanitazama mimi. Nimefanya kazi serikalini miaka kumi na sita, nazijua ofisi zote, ghorofa zake na majina ya makatibu wake. Nilizipitia kichwani moja baada ya nyingine, na yule kijana akawa anatusubiri amesimama, mkono mmoja juu ya mfuko wa shati.